Ruwenzori: Waliopanda na Waliobeba



Juma hili tuinue macho hadi Ruwenzori, safu ya milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo. Kilele chake kikuu, Margherita, kina mita 5,109, cha tatu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya. Mpaka umewagawa wenyeji wake, bali udugu haukukatika: upande wa Uganda huitwa Wakonzo, upande wa Kongo Wanande.

Apandaye kutoka Nyakalengija hupita kwanza msitu mnene, kisha mianzi, kisha miti ya erika iliyovikwa kuvumwani kama ndevu za mzee. Juu zaidi husimama lobelia na senesio zilizopita kimo cha mtu. Huko Bigo ardhi ni tope tupu, na msafiri asiye na mabuti ya mpira hujuta.

Tarehe 18 Juni 1906, Luigi Amedeo, Dyuki wa Abruzzi, alifika kileleni akiwa na waongozaji watatu kutoka milima ya Alpi. Kilele akakiita jina la Malkia Margherita wa Italia. Milima sita mikuu ya safu hiyo ikaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia: yote majina ya wageni. Lakini mizigo ilipandishwa na Wakonzo, ambao kwao theluji ile ilikuwa makao ya Kitasamba, wala haikukanyagwa ovyo. Ramani haikuandika jina la hata mmoja wao.

Mwaka 1991 upande wa Uganda ulifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 UNESCO ikauweka katika urithi wa dunia. Vita vikaifunga hifadhi mwaka 1997 hadi 2001. Amani ilirudi, barafu haikurudi. Mwaka 1906 milima yote sita ilikuwa na barafu. Leo Emin, Gessi na Luigi di Savoia haina hata kidogo. Wazee wa Kikonzo waliuona weupe ambao wajukuu wao watausikia masimulizini tu.

Basi, ndugu, tujifunze kuandika mapema. Shule na zahanati zetu zina mabamba yenye majina ya waliozifungua. Waliobeba mawe na maji bado tunao wachache. Tukawaulize majina yao, na ya wenzao waliotangulia, kabla nao hawajayeyuka katika kumbukumbu zetu.