Ng'ombe wa Baba na Swali Nisilouliza



Nimeombwa niandike machache juu ya historia ya masomo ya juu ya fizikia. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipomaliza shahada ya kwanza, mwalimu wangu alinieleza habari za nafasi ya kusomea udaktari ng'ambo. Sikujaza fomu. Baba yangu hapa Mungaa alikuwa na ng'ombe saba, nikajisemea kwamba hata wakiuzwa wote hawatoshi. Sikuuliza mlipaji ni nani. Miaka mingi baadaye nilifahamu kuwa mwanafunzi wa udaktari wa sayansi mara nyingi hulipiwa ada na kupewa posho, kwa sababu utafiti wake ni kazi. Ng'ombe wa baba wasingeguswa hata mmoja.

Mlango huo ulikwisha kufunguliwa zamani. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, kilianza mpango wa kuwasaidia wanafizikia wa nchi zinazoendelea. Mwaka 1964 Abdus Salam wa Pakistan alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, ili wasomi wa nchi maskini wapate elimu bila kuzihama nchi zao. Mwaka 2018 tawi la juhudi hiyo lilizinduliwa Kigali, Rwanda, nalo hufundisha hadi udaktari.

Tena tunaye kijana wetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Aliambiwa amekosea. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali hilo Profesa Denis Osborne wa Dar es Salaam. Wenzake walimcheka, lakini Profesa alilijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Kuhusu maji wataalamu wangali wanabishana. Hata hivyo, mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walitangaza kuona jambo linalofanana na hilo katika ioni zilizonaswa, ambazo hutumika kuundia kompyuta za kwantamu. Jambo lenyewe huitwa kwa jina la Mpemba.

Leo zipo nafasi zenye ufadhili za kuchunguza vifaa vya kwantamu kwa hesabu. Humo elektroni hupenya kizuizi ambacho kwa fizikia ya kawaida isingekivuka. Mtafiti hukadiria mwenendo wa kifaa kwa kompyuta kabla hakijatengenezwa. Kwa hiyo mtaji wa kwanza ni hisabati, nayo inafundishwa hata hapa kwetu.

Vijana, mkiisikia nafasi ya namna hiyo, ulizeni: nani analipa, kwa miaka mingapi, na nauli imo? Mpemba aliuliza akachekwa, jina lake likabaki. Mimi sikuuliza, wala hakuna aliyenicheka. Kuuliza si ujinga.