Mashindano ya Kuhesabu Ndege

Somo la leo ni la historia, lakini halina wafalme wala vita. Ni habari za watu wanaoshindana kuhesabu ndege, na jinsi hesabu yao ilivyogeuka kuwa fedha za kuwalinda ndege hao. Huenda mmoja wenu akacheka. Acheke tu, lakini asikilize, maana ndani yake mna swali gumu: utamwaminije mtu asemaye "Nimeona," na ushahidi wake ni neno lake tu?

Twende kwanza Marekani, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Siku hizo ndege waliuawa kwa wingi sana, kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya manyoya. Wanawake wa mjini walivaa kofia zenye manyoya, na nyingine zilibandikwa ndege mzima aliyekaushwa. Mwaka 1886 kijana mmoja, jina lake Frank Chapman, alitembea katika barabara za New York alasiri mbili akihesabu kofia. Alihesabu kofia 700. Zaidi ya 500 kati ya hizo zilikuwa na manyoya au ndege, naye akatambua aina 40 za ndege juu ya vichwa vya watu.

Tena palikuwa na desturi ya siku ya Krismasi. Wanaume walijigawa pande mbili, wakachukua bunduki, wakaenda porini. Kila kilichotokea mbele yao, cha mabawa au cha miguu minne, kilipigwa. Jioni kila upande ulileta mizoga yake, na wenye rundo kubwa ndio walioshinda. Liangalieni hilo rundo. Hapakuwa na ubishi, kwa sababu mizoga ilikuwa pale chini na kila mtu aliweza kuihesabu.

Chapman alipokuwa mtu mzima alikuwa mtaalamu wa ndege na mhariri wa gazeti la Bird-Lore. Aliwashauri wasomaji wake waache bunduki nyumbani, watoke siku ya Krismasi, wahesabu ndege walio hai, kisha wamwandikie. Tarehe 25 Desemba 1900 walitoka watu 27, katika mahali 25, Marekani na Kanada. Walikuwa wachache, lakini hesabu hiyo haikukoma. Hufanywa kila mwaka hata leo, na wataalamu huitumia ili kujua ni ndege gani wanaongezeka na ni gani wanapungua.

Basi bunduki iliwekwa chini. Lakini rundo nalo likatoweka.

Fedha ziliingiaje? Twende Kanada, kwenye rasi iitwayo Long Point, katika Ziwa Erie. Hapo pana kituo cha kuchunguza ndege. Mwaka 1976 watu wa kituo hicho walianzisha hesabu ya ndege kwa kumbukumbu ya marehemu James Baillie, mtaalamu wa Toronto, na wakaifunga hesabu hiyo na ahadi. Mtu anayekwenda kuhesabu huwaendea jamaa na rafiki zake kwanza. Kila mmoja humwahidi fedha kidogo kwa kila aina ya ndege atakayoipata siku hiyo. Tuseme jirani yako amekuahidi shilingi 50 kwa kila aina, nawe ukapata aina 64. Atatoa ngapi? Andikeni hesabu hiyo madaftarini: 50 mara 64, jibu ni shilingi 3,200. Sasa fikirini una majirani 20 wa namna hiyo.

Mwaka 1984 jambo hili likawa mashindano makubwa ya timu. Mtu mmoja wa New Jersey, katika Marekani, jina lake Pete Dunne, aliyekuwa akifanya kazi katika chama cha ndege cha New Jersey Audubon, aliyaanzisha na kuyaita World Series of Birding. Sheria yake kubwa ni fupi: timu zina saa 24, tangu usiku wa manane mpaka usiku wa manane, kupata aina nyingi za ndege katika jimbo la New Jersey. Kila timu huchagua chama itakachokikusanyia fedha.

Kwa nini mwezi wa Mei? Kwa sababu mwezi huo ndege wa safari wanapita kuelekea kaskazini kuzaa. Pwani ya jimbo hilo wapo ndege wadogo wenye kifua chekundu watokao ncha ya kusini ya Amerika. Hutua kwenye ghuba ya Delaware, wamekonda kwa safari, nao hula mayai ya kaa mmoja wa ajabu, mwenye gamba lililo kama kwato la farasi. Wavuvi walipowachukua kaa hao kupita kiasi, ndege nao walipungua sana, hata mwaka 2008 jimbo la New Jersey likapiga marufuku kuwavua.

Mashindano huanza gizani. Timu husimama kando ya kinamasi, kimya, wakisikiliza bundi. Wengi wetu tukimsikia bundi usiku hatufurahi hata kidogo. Wao hufurahi, kwa kuwa ni aina moja zaidi! Kumbe kusikia kunahesabiwa sawa na kuona, ikiwa sauti imetambulikana. Mwaka ule wa kwanza timu iliyoshinda ilipata aina 201. Ndani yake alikuwamo Dunne mwenyewe, pamoja na Roger Tory Peterson, mzee wa miaka 75, ambaye kitabu chake cha mwaka 1934 ndicho kilichowafundisha Wamarekani wengi kutambua ndege.

Sasa turudi kwenye swali letu. Timu hizo zimetawanyika jimbo zima, usiku na mchana, na hakuna mwamuzi anayezifuata na kipenga. Mtu akiongeza aina tano za uongo, nani atajua? Tena kila aina ni fedha iliyotoka mfukoni mwa mtu. Kanuni iliyozoeleka Marekani husema kwamba katika kila aina 100, angalau 95 lazima ziwe zimeonwa au zimesikiwa na kila mtu wa timu. Hiyo husaidia, kwa maana ni vigumu kwa watu wanne kukubaliana kusema uongo na kuutunza. Lakini kwa kweli kinachoyasimamisha mashindano haya ni haya ya mtu mbele ya wenzake. Mwenye sifa ya kuona ndege wasiokuwapo hapati tena mtu wa kwenda naye, wala wa kumwahidi fedha.

Wako pia wanaolalamika kwamba petroli inachomwa bure siku nzima. Lalamiko hilo lina uzito, na siku hizi timu nyingine hushindana kwa baiskeli.

Msidhani habari hizi ni za huko mbali tu. Tarehe 29 na 30 Novemba 1986 yalifanyika mashindano yaliyoitwa Birdwatch Kenya '86. Terry Stevenson, John Fanshawe na Andy Roberts walipata aina 342 katika saa 24. Don Turner na David Pearson, katika saa 48, walipata aina 494. Linganisheni na zile 201 za New Jersey. Nchi yenye pwani, nyika, maziwa ya magadi na misitu ya milimani ina utajiri ambao sisi tunaupita kila siku tukienda sokoni.

Mwaka 2014 yalianza mashindano mengine, Champions of the Flyway, katika mji wa Eilat, kusini mwa Israel, kando ya Bahari ya Shamu. Hapo ndege wengi watokao Afrika hupita mwezi wa Machi wakienda Ulaya na Asia. Tofauti yake ni hii: timu zote hukusanyia jambo moja lililochaguliwa mwaka huo, na timu iliyokusanya fedha nyingi ina tuzo yake, mbali na iliyopata aina nyingi. Kwa maoni yangu hiyo ni busara, kwani humwondolea mtu kishawishi cha kuongeza hesabu.

Mwaka 2015 fedha zilikwenda kisiwa cha Kupro, ambacho wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Kipro. Huko kutega ndege wadogo kwa ulimbo na nyavu kumekatazwa na sheria tangu 1974, lakini watu waliendelea kuwatega kwa siri, kwa sababu hoteli ziliwanunua kwa bei nzuri. Ulimbo mnaujua, wengi wenu mliupaka vijitini utotoni. Fedha hizo zilipewa chama cha BirdLife Cyprus, kinachopigana na biashara hiyo. Katika wanaonaswa wamo keremkerem, na keremkerem wa Ulaya ni ndege wa safari: baada ya kuzaa huko kaskazini, wale waliopona huja Afrika, na mwezi wa Oktoba mtawasikia wakipita juu ya mashamba yenu wakiitana.