Sare na Wasio na Sare: Mavazi ya Vita vya 1914 katika Kavirondo ya Kusini

Mtu atakaye kupaka rangi sanamu ndogo ya askari, yenye kimo cha sentimita tano hivi, hukabiliwa na maswali ambayo mwanahistoria wa vita aghalabu huyapita. Kofia ilikuwa ya rangi gani? Miguuni askari alivaa nini? Cheo kilionyeshwa wapi? Mwandishi aweza kusema "pengine". Mpaka rangi hana budi kuchagua. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa sare, ujapodhaniwa kuwa mchezo, unastahili kutazamwa kama njia ya kuupima ushahidi wa historia. Makala haya yanaupima kwa mfano mmoja: mapigano ya Septemba 1914 katika Wilaya ya Kavirondo ya Kusini, ambayo eneo lake leo limo katika kaunti za Homa Bay, Migori, Kisii na Nyamira.

Mwezi huo jeshi la Wajerumani lilivuka mpaka, likaingia Kisii, makao makuu ya wilaya. Tarehe 12 Septemba lilishambuliwa na askari wa kikosi cha nne cha King's African Rifles, na Kapteni Thorneycroft aliyewaongoza akauawa. Katika siku hizo hizo meli Winifred, ikiwa imebeba askari kuelekea Karungu, pwani ya Ziwa Viktoria, ilikabiliwa na chombo cha Kijerumani Muansa, ikarudi nyuma. Iliporejea pamoja na meli Kavirondo, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka.

Je, wapiganaji hao walivaaje? Picha za wakati ule hazina budi kusomwa kwa hadhari. Bamba za picha zilizotumika sana zamani hizo hazikuhisi rangi nyekundu vizuri, bali zilihisi mno bluu. Kwa hiyo tarbushi nyekundu huonekana nyeusi, na kitambaa cha bluu huonekana cheupe kuliko kilivyokuwa. Vitu vya kuchezea navyo vina upungufu wao. Kampuni ya Britains ya London, iliyoanza kuunda askari wa risasi walio wazi ndani mwaka 1893, iliwaunda pia askari wa King's African Rifles, wakiwa na tarbushi nyekundu. Hiyo ni sare ya gwaride. Vitani askari alivaa kofia ya kaki yenye kitambaa cha kufunika kisogo, kaptura ya kaki, na vitambaa vya bluu vilivyozungushwa miguuni. Na wengi walikwenda bila viatu.

Askari wa Kijerumani naye alivaa kaki. Tarbushi yake ndefu ilifunikwa kitambaa cha kaki, nayo ilikuwa na kitambaa cha kisogoni na alama ya tai mbele. Hivyo majeshi mawili yaliyokutana Kisii yalifanana kuliko yalivyotofautiana, na kufanana huko hakukutokea kwa bahati. Mwaka 1889 Wissmann aliwaandikisha Wasudani huko Kairo ili kuunda jeshi la Wajerumani. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Wasudani waliokuwa wa Emin Pasha, akawaingiza Uganda, na kutokana nao ikapatikana Uganda Rifles. Jeshi hilo liliingizwa katika King's African Rifles lilipoundwa tarehe 1 Januari 1902. Asili ya pande zote mbili, basi, ilikuwa jeshi la Misri.

Lugha inauthibitisha ushahidi huu. Majina ya vyeo efendi, shaushi na ombasha, yenye asili ya Kituruki, yalijulikana katika majeshi yote mawili, na Kiswahili kiliyapokea. Neno kaki lina asili ya Kiajemi, lenye maana ya vumbi. Lilipitia Bara Hindi hata likafika Afrika ya Mashariki. Herufi za King's African Rifles zenyewe zikawa neno moja, keya. Anayetafuta asili ya vazi la askari atafanya vyema kuanza na jina lake.

Lakini neno lenye kufundisha zaidi ni sare. Asili ya maana yake ni hali ya kuwa sawa: watu waliovaa sare wamevaa nguo za namna moja, na timu zilizotoka sare hazikushindana kwa mabao. Sare humfanya mtu atambulikane kuwa mmoja wa kundi, na kundi likitambulikana huhifadhiwa katika picha, katika orodha za majeshi, na katika masanduku ya sanamu za risasi. Mpagazi hakupewa heshima hiyo. Vijana wengi wa Kijaluo walichukuliwa katika Carrier Corps kubeba risasi na chakula. Alama iliyomtambulisha mpagazi ilikuwa kipande cha madini chenye namba yake. Katika jeshi la Waingereza zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa kwa hesabu zilizoandikwa, wengi wao kwa maradhi, na hesabu hizo hazikuwa kamili. Jina la kundi lao limebaki katika mitaa: Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Ukumbusho wa vita uliofunuliwa Nairobi mwaka 1928 unaonyesha jambo hili. Mchongaji James Alexander Stevenson alimsimamisha mpagazi pamoja na askari wawili. Shaba haina rangi, hivyo haimsaidii anayetafuta wekundu wa tarbushi. Hata hivyo inasahihisha kosa kubwa kuliko la rangi, yaani kudhani kwamba waliokuwa vitani ni wale tu waliovaa sare. Anayetaka kulionyesha kwa sanamu jeshi lililopita Karungu na Kisii, hata akizijua rangi zote za kaki, hajalionyesha kwa ukweli mpaka nyuma ya kila safu ya askari awe ameweka safu ya wapagazi, nayo iwe ndefu kuliko ile ya mbele.