Siku Nantes Ilipokuwa Timu ya Jericho

Anayefungwa anatoka. Sheria hiyo iliandikwa kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa mabati, na chini yake bei: mechi moja, shilingi kumi. Kibanda chenyewe kilikuwa mtaani Jericho, Eastlands ya Nairobi, si mbali na uwanja wa Camp Toyoyo. Ndani mlikuwa na TV mbili za kioo kinene, mashine mbili za PlayStation 2, benchi tatu, na vijana wamebanana hadi jasho la mmoja linamlowesha mwenzake. Tulisema tunaenda "kwa gemu". Mama akiuliza ulikuwa wapi, ulijibu ulikuwa Toyoyo ukitazama mpira.

Mwaka ulikuwa 2007, na gemu iliyotuweka pale ilikuwa Pro Evolution Soccer 6, kazi ya kampuni ya Konami ya Japani. Wajapani waliipata kwanza, Aprili 2006, kwa jina la Winning Eleven 10. Ulaya ilitoka Oktoba mwaka huo huo. Eastlands zilifika zote mbili, kwenye diski za kuchomwa zilizoandikwa kwa mkono, na mashine zetu zilikuwa zimetiwa chipu ili zizikubali. Katika kibanda kimoja ulimsikia Peter Brackley akitangaza kwa Kiingereza chake cha utulivu. Ukivuka barabara, ulikuta mtangazaji wa Kijapani anapaza sauti, huelewi hata neno, na bado ulijua ni bao. Jalada halisi lenye picha za Adriano na John Terry sikuliona hadi nilipokuwa mtu mzima.

Msalaba ulikuwa pasi fupi, duara pasi ndefu, pembetatu ya kupenyeza, mraba shuti. Mtoto wa miaka tisa aliyajua hayo kabla ya kujua jedwali la saba. Lakini kujua vitufe hakukukufikisha mbali, na hapo ndipo palikuwa na utamu wa PES 6. Mpira wake haukuonekana kama umefungwa kwa kamba mguuni mwa mchezaji. Ulidunda, ulimponyoka, ulimgonga beki kwenye goti ukaenda kusikotarajiwa. Aliyekuwa na subira ya kupiga pasi kumi alimshinda mwenye mbio. Nimecheza gemu nyingi za soka tangu wakati huo, zenye nyasi unazoweza kuhesabu na jasho linalometameta shingoni, na sijakuta nyingine iliyonifanya nifikiri mahali pa kusimama kabla mpira haujafika.

Adriano wa Inter alikuwa na alama 99 za nguvu ya shuti. Ukimwachia mguu wa kushoto nje ya boksi, kipa alikuwa mapambo tu. Mwenye kibanda, buda mmoja mpole aliyekuwa akiuza pia mafuta ya taa, mwishowe alipiga Inter marufuku baada ya ngumi mbili kurushwa wiki moja. Marufuku hiyo ndiyo iliyotufanya tuanze kutafuta timu nyingine, na kutafuta huko ndiko kulikotuleta Nantes.

Lazima nieleze suala la majina. Konami haikuwa na haki za ligi ya Uingereza yote. Arsenal na Manchester United walikuwepo kwa majina yao, lakini Chelsea waliitwa London FC, Liverpool wakawa Merseyside Red, Everton wakawa Merseyside Blue, na Manchester City wakawa Man Blue. Ligi ya Ufaransa, kwa upande wake, ilikuwa na leseni kamili, klabu zote 20, majina na jezi halali. Kwa hiyo jioni moja kijana mmoja, akipitia vikosi vya Ufaransa ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvigusa, alisimama ghafla na padi mkononi. Kwenye orodha ya washambuliaji wa FC Nantes palikuwa na jina Oliech.

Siwezi kueleza kelele zilizofuata. Dennis Oliech alikuwa kijana wa Nairobi aliyejengwa na Mathare United, klabu iliyozaliwa na chama cha vijana cha MYSA pale Mathare. Julai 2003, bao lake dhidi ya Cape Verde ndilo lililoipeleka Kenya kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 nchini Tunisia, na kule alikuwa mmoja wa wafungaji tulipowachapa Burkina Faso 3-0. Tulimjua. Baadhi yetu kaka zetu walikuwa wamemkaba uwanjani. Na sasa alikuwa ndani ya diski iliyotoka Japani, ana sura, ana mbio, ana namba mgongoni. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, haikuwemo kwenye gemu hiyo. Angola na Togo, waliotoka kucheza Kombe la Dunia lao la kwanza Ujerumani, walikuwemo, sisi la. Kenya yote ndani ya PES 6, kwa macho yetu, ilikuwa mtu mmoja aliyevaa jezi ya manjano ya mji wa Ufaransa ambao hakuna hata mmoja wetu angeweza kuuonyesha kwenye ramani.

Tangu siku hiyo, Nantes ilikuwa timu ya Jericho. Watoto walipanga foleni kuichukua. Kule Ufaransa kwenyewe Nantes halisi walimaliza msimu wa 2006–07 wakiwa wa mwisho na kushuka daraja, baada ya misimu 44 mfululizo ligi kuu, na Oliech akahamia Auxerre. Habari hizo tulizisoma gazetini na hazikutugusa. Kwetu Nantes walikuwa mabingwa kila Jumamosi.

Kisha tukataka zaidi ya Oliech. PES 6 ilikuwa na sehemu ya kuhariri, ambako ungeweza kubadili jina la mchezaji, rangi ya ngozi, nywele, uwezo wake, na jezi na jina la klabu isiyo na leseni. Nadhani Konami waliiweka ili mashabiki wa Chelsea wajisaidie wenyewe. Sisi tuliichukulia kama shamba. Merseyside Blue wakawa klabu ya nyumbani, AFC Leopards, maana bluu ilikuwa tayari ipo. Man Blue tuliwavika kijani tukawaita Gor Mahia, klabu nyingine ya nyumbani. McDonald Mariga, aliyelelewa Muthurwa na wakati huo akichezea Helsingborg ya Uswidi, tulimtengeneza wenyewe, kimo chake na kifua chake, na tulibishana siku nzima kuhusu alama za pasi zake. Tuliingiza wachezaji wa mashindano ya Koth Biro kule Ziwani ambao hawajawahi kutajwa redioni. Tulimwingiza kondakta wa matatu ya mtaa, kwa sababu alikuwa na mguu wa kushoto.

Yote hayo yalikaa kwenye memori moja ya megabaiti 8, ndogo kuliko kiberiti, ambayo mwenzetu mmoja aliibeba kwenye mfuko wa shati la shule. Jioni moja stima ilipotea wakati mashine inahifadhi. Iliporudi, memori ilisoma kwamba data imeharibika. Gor Mahia, Leopards, Mariga, kondakta, wote hawakuwepo. Yule mwenye memori hakulia mbele yetu. Alikwenda nyumbani, na kwa wiki mbili hatukumwona kwa gemu.

Mwaka 2007 huo huo Mariga alihamia Parma ya Italia. Januari 2010 akasajiliwa na Inter, ile ile tuliyokuwa tumeipiga marufuku, na alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka huo. Tulikuwa tumemwona kabla ya ulimwengu kumwona, na ushahidi wetu ulikuwa umekufa na stima.

PES 6 ilipitwa na wakati upesi. PlayStation 3 ilitoka Novemba 2006, wiki chache tu baada yake, na wenye kuandika kuhusu gemu waligeuka kutazama mashine mpya. Vibanda vyetu viliendelea nayo kwa miaka, kisha FIFA ikaingia na majina yote sahihi, na benchi zikahama. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa 2013. Konami nao walilizika jina la Pro Evolution Soccer na tangu 2021 wana eFootball.

Kampuni hiyo haioni haya kufufua kazi zake za zamani. Contra ilirudi kwenye mkusanyiko wa 2019, Castlevania pia, na Metal Gear Solid ikafuata 2023. Soka ndiyo inayobaki nje, na kizuizi ni leseni: jina la kila mchezaji, nembo ya kila klabu, ligi kwa ligi, lilikodishwa kwa muda, na muda huo umekwisha. Lakini PES 6 ilikuwa imekwisha kujijibu. Konami waitoe bila jina hata moja halali, klabu zote ziwe Man Blue, na waache sehemu ya kuhariri wazi kama ilivyokuwa. Mimi ningelipia bei kamili ya gemu mpya na nisingedai hata nembo.

Hadi hapo, nina mashine moja iliyotumika, niliyoinunua mjini, na diski halisi kwa mara ya kwanza maishani. Mwezi uliopita mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja aliichokonoa akafika Ufaransa.

"Anko, huyu Oliech ni nani?"

Nikamwambia asimamishe mechi. Nikaanzia Cape Verde.