Jibu la Pamoja: Historia ya Swali katika Madarasa ya Kinondoni na Temeke

"Mmeelewa?" "Ndiyo mwalimu!" Jibu hilo la darasa zima, linalosikika hadi barabarani ukipita karibu na shule za Mbagala au Tandale jijini Dar es Salaam, lina umri mkubwa kuliko majengo yenyewe. Katika chuo cha Kurani watoto waliimba aya nyuma ya maalimu. Katika shule za wakoloni walinakili ubaoni na kukumbuka, maana serikali ilihitaji makarani kuliko watu wa kuhoji.

Machi 1967 Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu Pugu, pembezoni mwa jiji, hadi 1955, alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule imjengee mtoto akili ya kuuliza, uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akichagua kinachomfaa, na kujiamini. Kilichoshika kasi ni jembe: mashamba ya shule na mabanda ya kuku. Mkaguzi akifika, tuta la muhogo huliona. Akili ya kuuliza hana pa kuiona. Hata hivyo, kipindi hichohicho Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, na mtoto akapata kuulizwa kwa lugha anayobishania mtaani.

Mbinu za majadiliano zilistawi zaidi nje ya darasa la watoto. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye makao Dar es Salaam, iliendesha mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyofikia watu karibu milioni 2. Kikundi kilikaa kuizunguka redio ya betri. Kipindi kikiisha, kiongozi alisoma kijitabu kwa sauti, kisha akauliza: hapa kwetu mbu wanazaliana wapi, na tufanye nini wiki hii? Waliojibu walikwenda kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili aliyepinga kumfanya mwanafunzi debe la kujazwa, alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, akakuta wenyeji wanaomwelewa vizuri.

Shuleni mambo yalikwenda kinyume. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977. Walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu huku wanafundisha. Kijana wa namna hiyo hakuthubutu kukaribisha swali asilolijua. Kitabu na ubao vilikuwa ngao yake. Wimbi la pili lilikuja na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ada ilipofutwa: wanafunzi wa msingi nchini waliongezeka kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi karibu milioni 7.5 mwaka 2005. Pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako wahamiaji hujenga kabla ya shule, wengine walisoma asubuhi na wengine mchana katika chumba kilekile.

Ni katikati ya msongamano huo ndipo mtaala wa kujenga umahiri ulipoingia, sekondari mwaka 2005 na msingi mwaka uliofuata. Walimu walirudi kutoka semina wakiwa na msamiati mpya: fikra tunduizi, mbinu shirikishi, bungua bongo, matembezi ya galari. Galari inataka watoto wazunguke wakisoma kazi za wenzao ukutani. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa chumba. Wakizidi mia, hata mwalimu hana njia ya kupita. Wenye ubunifu walibandika karatasi ukuta wa nje, au wakaamuru kila dawati la pili ligeuke nyuma, watoto watatu wawatazame watatu. Hapo kikundi kimepatikana bila kuhamisha kiti.

Ndipo aina ya swali ikawa na maana. "Taja mito ya Dar es Salaam" hujibiwa kwa pamoja na kusahauliwa. "Kwa nini Msimbazi hufurika Jangwani?" huzua ubishi: mmoja atasema mvua, mwingine takataka, wa tatu nyumba zilizojengwa bondeni. Mabwepande, walikopewa viwanja waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011, somo hilo lina mashahidi nyumbani. Swali hilohilo kidato cha kwanza huulizwa kwa Kiingereza, na mbishi wa darasa la saba huinamisha kichwa.

Mtihani nao una amri yake. Mwaka 2012 karatasi za darasa la saba zilianza kusahihishwa kwa mashine, na kazi ya mtahiniwa ikawa kuchagua herufi na kuisiliba kwa penseli, hata katika hisabati. Maswali ya kuonyesha njia yalirejeshwa kwa sehemu baadaye. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unazisisitiza tena fikra tunduizi, lakini tuisheni za jioni mitaani bado huendeshwa kwa maswali ya mitihani iliyopita: mwalimu husoma swali, watoto wakataja herufi kwa pamoja.