Baraza na Maktaba: Habari za Mazungumzo ya Watu Wote katika Dar es Salaam

Yako maneno manne ambayo sisi walimu twayatamka karibu kila juma, wala hatuna desturi ya kuyapima: maktaba, mhadhara, semina na warsha. Twapenda kuanza kwa kuyapima, kwa sababu habari tunayotaka kuieleza imo ndani yake.

Maktaba ni neno la Kiarabu, na shina lake ni kuandika. Ndugu zake ni kitabu, katibu na mkataba. Mhadhara nao watoka katika Kiarabu, na shina lake ni kuwapo mahali. Ndugu zake ni hadhara na kuhudhuria. Semina imetujia kutoka Ulaya, na asili yake ni neno la Kilatini, seminarium, maana yake kitalu cha kuoteshea miche. Wasomaji wetu makasisi walijua tangu siku zao za seminari. Na warsha, kwa Waarabu, ni karakana, mahali pa mafundi kufanyia kazi. Basi katika maneno haya manne, moja lasema habari za maandishi, na matatu yasema habari za watu: kuhudhuria, kuotesha, kufanya kazi. Hata hivyo watu wengi wa mji wetu huifikiri maktaba kuwa ni nyumba ya kunyamaza tu. Yatupasa kuuliza fikira hiyo imetoka wapi, na kama yatufaa.

Hapo kale, katika miji ya pwani, elimu ilikuwa na makao mawili. Ya kwanza ni chuoni na msikitini, ambako mwalimu alitoa darsa. Ya pili ni barazani. Baraza, kwa maana yake ya kwanza, ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake bila kuwaingiza ndani. Baadaye neno likapanuka hata likawa jina la mkutano wa wazee, na leo twasema Baraza la Mawaziri. Pale barazani tenzi zilisomwa kwa sauti, na asiyejua herufi hata moja aliweza kuzihifadhi moyoni. Kitabu kilikuwa cha mmoja, lakini masikio yalikuwa ya wote.

Wageni waliokuja kuandika lugha yetu waliukuta utaratibu huo, nao wakautumia. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka wa 1864 pamoja na Askofu Tozer, alikusanya ngano kwa kuwasikiliza wasimulizi, akazichapisha London mwaka wa 1870. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyepata kufundisha Kiswahili huko Berlin, aliandika sehemu kubwa ya habari zilizotolewa na Carl Velten mwaka wa 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Vitabu hivyo vyote viwili vilizaliwa na mazungumzo. Hata gazeti lililotolewa na misheni ya Unguja kuanzia mwaka wa 1888 liliitwa Msimulizi, kana kwamba karatasi yenyewe ingefungua kinywa. Na Mambo Leo lilipoanza kutolewa na serikali katika Dar es Salaam mwaka wa 1923, nakala moja ilipita mikononi mwa wengi, mmoja akisoma na wenziwe wakisikiliza.

Maktaba ya watu wote ilikuja baadaye sana. Mwaka wa 1948 ilianzishwa idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoitwa East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards, ambaye kabla ya hapo alishughulika na vitabu vya misheni huko Nairobi. Idara hiyo ilichapisha vitabu, tena ilipeleka masanduku ya vitabu mashuleni na vijijini, na kuwaazima wasomaji kwa njia ya posta. Mwaka wa 1960 Sydney Hockey alitoa taarifa yake juu ya maktaba za Afrika Mashariki, na mwaka wa 1963, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, Tanganyika ilitunga sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba. Tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alilifungua jumba la Maktaba Kuu ya Taifa katika Dar es Salaam, lililoko kando ya barabara ambayo leo yaitwa Bibi Titi Mohamed. Sheria ya mwaka wa 1975 ilipanua kazi ya bodi hiyo, na wachapaji wakapaswa kupeleka nakala za vitabu vyao ili vitunzwe.

Tuutazame vizuri mwaka ule wa 1967. Mwezi wa Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Mwezi wa Machi yakafuata maneno ya Elimu ya Kujitegemea. Maktaba ilifunguliwa katika nchi ambayo wengi wa watu wazima hawakujua kusoma. Ilikuwaje nchi maskini ikajenga nyumba ya vitabu kwa watu wasiosoma? Jibu lilionekana katika miaka iliyofuata, kwa vitendo. Mwaka wa 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Namna yake ilikuwa hivi: watu wa mtaa au kijiji walikusanyika mahali pamoja, redio ikafunguliwa, aliyejua kusoma akawasomea wenziwe kijitabu, kisha kiongozi akauliza, “Je, haya yako kwetu?” Wakajadiliana, wakaamua, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyoficha mbu. Hapo kitabu kilirudi barazani. Wasiojua herufi hawakuachwa nje wakingoja wafundishwe kwanza. Walijifunza huku wakitenda.

Kwa hiyo mihadhara, maonyesho ya vitabu na mafunzo yafanyikayo katika maktaba zetu ni mambo yenye mizizi mirefu. Asemaye kwamba ni desturi ya kigeni hajui habari za baraza. Na asemaye kwamba ni pambo la maktaba tu, hajui habari za mwaka wa 1973.

Hata hivyo liko tatizo, nasi tulilifahamu Keko. Wasomaji wasiokaa Dar es Salaam wajue kwamba Keko ni mtaa wa upande wa Temeke. Una majina mengi ndani yake, Keko Machungwa, Keko Magurumbasi, Keko Juu, Keko Mwanga, na wengi huujua kwa mambo mawili: gereza lake na maseremala wake, ambao vitanda, meza na makabati yao hupangwa kando ya barabara. Kutoka huko mpaka Maktaba Kuu ni mwendo usiozidi saa moja kwa miguu kwa mtu mwenye afya.

Siku moja tulialikwa huko kusema mbele ya Wakristo juu ya lugha ya Maandiko. Tulipofika kwa nabii Amosi, sura ya 7, tulieleza neno timazi kuwa ni kipimo cha urefu, mfano wa rula. Mzee mmoja fundi akasimama nyuma, akasema, “Mwalimu, niwie radhi. Timazi haipimi urefu. Ni uzi wenye kitu kizito mwishoni. Huushusha kando ya ukuta, ukajua kama ukuta umesimama wima au umeinama.” Watu wakacheka kidogo, nasi tukaona haya. Lakini alikuwa amelifungua Andiko. Mungu hakutaka kujua Israeli ni mrefu kiasi gani. Alitaka kujua kama amesimama wima. Tulikuwa tumelifundisha vibaya neno lile kwa muda wa miaka mingi, na fundi alilishika mkononi kila siku.

Baada ya mkutano tulimwuliza, “Mzee wetu, umepata kufika Maktaba ya Taifa?” Akajibu kwamba amepita mbele yake tangu ujana wake, wala hakuingia hata mara moja. “Kule,” akasema, “ni kwa vijana wenye mitihani.”

Tusimlaumu. Katika neno lake mna kweli. Mwanafunzi wa Keko alalaye chumba kimoja na ndugu wanne hana mahali pengine penye utulivu, na kimya cha maktaba kwake ni mali kubwa. Sisi tusingependa kimya hicho kivunjwe. Lakini nyumba yaweza kuwa na chumba cha kusomea na ukumbi wa kusemea, kama vile kanisa lilivyo na saa ya sala na saa ya mafundisho. Hasara hutokea tunapomwalika mtu kuhudhuria, kisha tusimpe nafasi ya kusema. Huo ni mhadhara kwa jina tu. Na warsha isiyo na fundi ndani yake imepoteza maana ya neno lake.

Basi twawasihi wenzetu walimu na makasisi mambo matatu. La kwanza, mpatapo habari za mhadhara katika maktaba iliyo karibu, msiende peke yenu. Mchukueni mzee mmoja ambaye hakualikwa. La pili, palipo mbali na maktaba, fungueni ukumbi wa shule au wa parokia siku moja kwa mwezi, kitabu kimoja kisomwe kwa sauti, kisha watu waulizwe swali lile la zamani: je, haya yako kwetu? La tatu, awepo mtu wa kuandika yasemwayo, hasa maneno ya kazi: ya useremala, uvuvi, ukunga, uashi. Kamusi zetu zina mapengo ambayo wazee hao waweza kuyaziba kwa jioni moja, nao hawatakuwa nasi siku zote.

Sisi tumekwisha kurudi Keko mara tatu. Daftari letu la maneno ya mafundi limejaa kurasa kumi na mbili, na yule mzee amekubali kuja nasi mjini, mradi tusimkalishe nyuma.