Land Rover ya Marehemu Baba: Tuikarabati au Tuiuze?

Sultan Qaboos aliposhika hatamu za utawala tarehe 23 Julai 1970, Oman ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami. Wito wake kwa Waomani waliotawanyika ng'ambo uliwafikia pia wale waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa miongoni mwa waliorejea katika nchi ya babu zao ambayo hawakuwahi kuiona. Mwaka 1974 alinunua Land Rover iliyokwisha kutumika, kwani katika nchi ya majabali na mabonde ya mawe gari dogo lisingefika mbali.

Gari hilo ndilo lililowapokea jamaa waliofuata. Wengi walikuja na Kiswahili fasaha na Kiarabu cha kuokoteza; humo garini, baina ya Matrah na kijiji cha mababu, ndimo walimojifunza salamu za huko kabla ya kushuka mbele ya ami zao.

Leo limesimama uani, na kulitazama tu hakutoshi kuamua. Land Rover zilipoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu usioshika kutu. Fremu inayobeba gari zima ni ya chuma. Ndiyo maana gari la pwani huonekana zima kwa juu ilhali chumvi ya bahari imekwisha kulila chini. Letu liko hivyo.

Tena si la mtu mmoja. Baba ameacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Kwa hesabu ya mirathi ni mafungu 8: mama 1, kila kaka 2, kila binti 1. Basi hapana mrithi awezaye kuliuza peke yake, wala kulikarabati kwa mali isiyogawanywa.

Kaka zetu wanataka liuzwe, na hoja yao ina uzito: mtu aliyeiacha nyumba yake Unguja na kufunga safari na sanduku moja, asingelilia gari. Nami nasema, nyumba ile aliiacha kwa kukosa hiari. Sisi hiari tunayo.

Mama na sisi mabinti, tukijumlishwa, tuna mafungu 4, yaani nusu. Tumemwomba fundi asiye jamaa alikadirie gari kama lilivyo, nasi tutanunua nusu ya kaka zetu kwa bei hiyo. Wamekubali, na hati imeandikwa mbele ya mashahidi.

Fremu itabadilishwa na breki zitatengenezwa upya, ili gari liende. Rangi iliyochujuka kwa jua na mabati yaliyobonyea njiani havitaguswa. Kung'arisha kungelirudisha gari kiwandani, na historia tunayoitaka ilianza lilipokwisha kutoka huko.